Sindano ya Nyar Asembo

Mwenzangu aliponipigia simu kunishauri tujiandae pamoja kwa mahojiano ya kazi, nilijiuliza jambo moja tu: huyu anataka nini? Nafasi ilikuwa moja. Hospitali moja kubwa mjini Kisumu ilikuwa inatafuta muuguzi wa kusimamia wodi ya uzazi, ajira ya kudumu, na sisi wawili tulikuwa tumeitwa siku moja, asubuhi moja. Mimi si mtu wa kuamini haraka. Mtu akinichekea kabla sijasema kitu, huwa nashika mkoba.

Huyu hakuwa adui, nataka hilo lijulikane mapema. Tulifanya kazi pamoja miaka mitatu katika hospitali ndogo ya upande wa Katito, wodi moja, mara nyingi zamu moja. Tulikula sahani moja. Nilipofiwa na baba alikuja akapika siku nne bila kuulizwa. Kisha sote wawili tukaomba mkataba wa miaka mitano katika kituo cha afya kilicho ufuoni mwa ziwa, pale ambapo harufu ya omena, dagaa wa ziwani, wanaoanikwa inaingia hadi chumba cha chanjo. Mimi nikaupata, yeye akaukosa. Tangu hapo amekuwa akizunguka kwenye kliniki za watu binafsi, akiitwa pale zamu inapokosa mtu.

Sasa mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi wa sita, na tetesi kwamba hautafanywa upya zilikuwa zimenifikia kutoka pande tatu. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nisipoipata kazi hii ya mjini, ningekaa nyumbani Nyamasaria na watoto wawili, nikitazama cheti changu cha uuguzi ukutani. Kwa hiyo nilimkubalia mwenzangu kwa mdomo, na moyoni nikafunga mlango.

Yeye ni wa Sabato, hivyo Jumamosi hana nafasi. Tukawa tunakutana Jumapili, mimi nikitoka kanisani, kwenye chumba chake ambacho hakiko mbali na kwangu. Jumapili ya kwanza nilimkuta amekwisha kwenda saiba, duka la kompyuta, kuchapisha karatasi mbili za maswali, moja yake na moja yangu. Niliilinganisha yangu na yake kwa macho, mstari kwa mstari, nione kama yake ina maswali zaidi. Zilikuwa sawa.

Maswali yenyewe niliyashuku kuliko nilivyomshuku yeye. Zamani ulikuwa unaulizwa ulisomea wapi, au presha ikifika wapi ndipo unamwita daktari. Ni vitu vyenye jibu. Siku hizi wanakutaka usimulie. Tuambie wakati ambapo ulikosana na mwenzako kazini. Tuambie wakati ambapo ulimhudumia jamaa wa mgonjwa aliyekasirika. Tuambie wakati ambapo ulifanya kosa, au nusura ulifanye. Mtu mzima anayekuomba umsimulie kosa lako, mbele ya watu watano na karani anayeandika, ni mtu wa kuogopwa. Kwetu kosa la wodini halisimuliwi. Linafunikwa na walioliona, na jioni kitabu cha kukabidhiana zamu kinaandikwa kwa mwandiko mmoja kwamba wagonjwa wote wametulia. Tulifundishana kazi hivyo na ndivyo tulivyolindana.

"Jibu iko na miguu nne," mwenzangu alinieleza, akihesabu kwa vidole. "Hali ilikuwa namna gani, kazi yako ilikuwa gani, ukafanya nini, mwisho ikakuwa aje. Na usiseme tulifanya, tulifanya. Paneli haiandiki kijiji kazi. Sema ile kitu wewe mwenyewe ulifanya."

"Na kama tulifanya pamoja?"

"Tafuta yako ndani yake, sista. Lazima iko."

Nilicheka, lakini alisema kweli. Watu wetu ni wa ajabu. Kwenye muziki mtu atamtuza mpiga gitaa asimamishe wimbo ili ajisifu yeye, na ukoo wake, na macho ya mke wake. Mweke mtu huyo huyo mbele ya paneli na koti la kuazima, atakuambia tulijaribu, tulisaidiana, Mungu alikuwepo.

Tukaanza kufanya mazoezi. Yeye alisimulia kwa uwazi kabisa. Alisimulia jinsi alivyomtuliza mzee wa Sondu aliyekuja na panga kumtafuta daktari, na jinsi alivyokosana na msimamizi wake juu ya glavu. Hadithi nzuri, zenye miguu yote minne. Nilipokuwa nazisikiliza, sauti ndani yangu ilikuwa ikisema kwamba hakuna mtu anayetoa nyama nzuri hivyo bure, hiki ni chambo. Nami nikamtolea makapi. Nilimpa hadithi ya friji ya chanjo iliyoharibika, na ya mwanafunzi aliyechelewa kazini. Alizisikiliza kwa makini na kuzisahihisha, na hilo nalo nikaliona ujanja.

Jumapili hiyo hiyo, akimimina chai, aliniuliza bila kuniangalia, "Na ile ya nyar Asembo? Utasema?"

"Ipi?" nikajifanya.

Aliniangalia sasa. Akaweka birika chini. "Basi," akasema, na tukaendelea na swali lingine.

Hapo nikajua. Ndiyo aliyokuwa akiitafuta. Karatasi za saiba, chai, mzee wa panga, vyote vilikuwa njia ya kufikia hadithi yangu bora, ile niliyokuwa nimeificha hata nisiiandike kwenye daftari.

Hadithi yenyewe ilitoka siku zetu za Katito. Ni lazima kwanza nieleze kwamba kwetu mwanamke akishaolewa, kumwita kwa jina lake ni kama kumkosea heshima. Anaitwa kwa kule alikozaliwa: nyar Asembo, yaani binti wa Asembo, au nyar Kano, au nyar Seme. Wodini tulifanya vivyo hivyo. Faili lilikuwa na jina lake kamili na nambari, lakini kumsimamia mama mtu mzima na kumsomea jina la ubatizo kutoka kwenye faili kuliwafanya wazee wanaouguza watazamane. Tukawa tunaita kwa heshima, na kwa heshima hiyo siku moja tulikaribia kuua mtu.

Alasiri hiyo walikuwepo nyar Asembo wawili, vitanda viwili jirani. Mmoja alikuwa amejifungua saa sita mchana na damu ilikuwa bado inamtoka kupita kiasi, akahitaji sindano ya kukaza kizazi. Wa pili alikuwa bado hajajifungua. Alikuwa na kovu la upasuaji wa mtoto wa kwanza, na alikuwa akingoja ambulensi impeleke mjini. Sindano ile akichomwa huyu wa pili, kizazi kingeweza kupasuka palepale, na sisi hatukuwa na chumba cha upasuaji. Muuguzi aliingia na sindano mkononi, akaita, "Nyar Asembo, geuka." Aliyeitika akageukia ukuta, shuka limemfunika hadi mabegani, alikuwa yule wa kovu.

Na hivi ndivyo nilivyokuwa nikiisimulia. Muuguzi aliyeita nilimwita mwenzetu mmoja, sikumtaja. Mimi nilikuwa kitanda cha tatu, nikiangalia. Niliona shuka likifunuliwa, nikavuka kwa hatua mbili, nikamshika mwenzangu kifundo cha mkono sindano ikiwa karibu na ngozi. Nikamwambia kwa sauti ya chini, mgonjwa asiogope, kwamba huyu bado. Baada ya hapo nilichukua plasta, nikaandika nambari ya faili ya kila mama, nikamfunga mkononi, na tangu siku hiyo hakuna aliyechomwa sindano wodini mwetu bila nambari kusomwa. Hali, kazi, hatua, matokeo. Kwa hadithi hiyo niliupata ule mkataba wa ufuoni. Mwenyekiti wa paneli ya wakati ule alitikisa kichwa kwa kuridhika hadi nikajua nimepita.

Mwenzangu alikuwepo wodini alasiri ile. Kwa hiyo angeweza kuisimulia na kila kitu chake, hata rangi ya shuka. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Nilianza kumpima kwa vitu vidogo. Akinipigia simu wakati ambao si wa kawaida, nilijiuliza nani yuko naye. Akiniuliza nitavaa nini, nilimwambia rangi nyingine. Nilipopata habari kwamba tutaitwa kwa kufuata nambari za maombi, na kwamba nambari yangu inatangulia yake, nilifurahi kwa namna ambayo sasa inanitia haya. Nikajiambia, atakayetangulia ndiye mwenye hadithi. Akija nayo nyuma yangu, aibu ni yake.

Jumapili ya tatu akairudia. Tulikuwa tumemaliza, nimeshika mkoba wangu.

"Ile ya nyar Asembo ni mzuri sana," alisema. "Mtu akiisema vizuri anapata kazi."

"Wewe mbona unaitaka sana hiyo hadithi?"

"Mimi siitaki. Nauliza tu kama utasema."

"Nikisema ama nisiposema, itakusaidia nini?"

Alikusanya vikombe, akavipeleka kwenye beseni, akaviosha vyote viwili ingawa changu kilikuwa bado na chai. Niliondoka bila kuomba dua ya kufunga kikao, jambo ambalo hatukuwa tumewahi kulifanya. Njiani nilijipongeza. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia, na leo nimekishika.

Siku ya Alhamisi nilikwenda Katito kwa mama yangu. Nilihitaji kuisimulia hadithi kwa sauti mbele ya mtu, na mama ndiye mtu pekee niliyemwamini kwa sababu hakuwa na faida wala hasara ndani yake. Yeye anauza omena sokoni, na asubuhi huwa nyumbani akiwachambua, akitoa mchanga na vijiti. Nilikaa mbele yake kwenye kigoda, nikanyoosha mgongo kama niko mbele ya paneli, nikamwambia anisikilize tu, asinikatize. Nikaisimulia kwa Kijaluo, kwa sababu mama na Kiswahili hawajapatana, na hapa naandika tu maana ya tuliyosema.

Alinisikiliza hadi mahali pa kushika mkono. Akaacha kuchambua.

"Aliyeshikwa mkono ni nani?"

"Mwenzetu mmoja, mama. Hatajwi."

"Na aliyemshika?"

"Mimi."

Mama aliangalia ungo wake. "Basi kuku wangu mwekundu nilimpa nani?" akauliza.

Sikuelewa. Akaniuliza tena, polepole, kama mtu anayemsaidia mtoto kuhesabu: Ile jioni ulikuja hapa badala ya kwenda kwako. Hukuweza kushika kikombe, nilikushikia mimi. Ukasema, mama, leo nimekaribia kuua mtoto wa watu pamoja na mtoto wake, na yule mwenzangu ndiye amenishika mkono. Asubuhi nikakamata kuku mwekundu, yule wa mayai, nikakupa umpelekee, kwa sababu mtu aliyemwepusha mwanangu na jela haendi mikono mitupu. Ulimpeleka ama hukumpeleka?

Nilimpeleka. Nilimbeba kwenye kikapu, kichwa nje, miguu imefungwa kwa uzi wa gunia. Mwenzangu alicheka hadi akakaa chini, akasema yeye hana moyo wa kumchinja, na kuku yule akaishi nyuma ya nyumba za wauguzi akitaga mayai tuliyokula wote. Nilimkumbuka kuku kabla sijaukumbuka mkono. Kisha mkono nao ukaja, na kidole gumba chake kikibonyeza kifundo changu, na sauti yake ikisema chini chini, "Sista, huyu bado." Yeye ndiye aliyekata plasta kwa meno na kuandika nambari. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa chumba cha dawa.

Sitasema nilisahau. Kusahau ni kitu safi kuliko hiki. Mara ya kwanza kuisimulia, kwenye semina moja, nilisema tulimshika mkono, kwa sababu niliona haya kusema mkono ulikuwa wangu. Mara ya pili, kwenye mahojiano ya ule mkataba, nilikuwa na dakika tano na hofu nyingi, na nikatafuta yangu ndani yake. Ilikuwa rahisi. Nilibadilisha vitanda tu. Baada ya hapo niliisimulia mara nyingi mno, hata nikawa naiona kutoka kitanda cha tatu, mahali ambapo sikuwahi kusimama.

Mama alirudi kwenye omena wake. "Isimulie ilivyokuwa," alisema, "ama usiisimulie." Nilimchukia kidogo kwa hilo, na nilijichukia zaidi.

Ungedhani nilitoka pale moja kwa moja kwenda kwa mwenzangu. Sikwenda. Ukweli niwe nimeukumbuka nisiwe nimeukumbuka, nafasi ilikuwa bado moja. Nilijiambia kwamba nikimwambia sasa, siku nne kabla ya mahojiano, atajua hadithi ni yake halali, ataibeba, nami nitaingia na friji ya chanjo. Hata baada ya kujua mwizi ni nani, niliendelea kumshuku aliyeibiwa. Niliamua nitayarekebisha mambo kwa njia yangu, ndani ya chumba cha paneli, ambapo ukweli ungenisaidia na mimi pia. Jumapili ya mwisho nilimtumia ujumbe kwamba mtoto ana homa. Mtoto alikuwa mzima, anacheza mpira nje. Akajibu, "Pole kwa mtoto. Kumbuka kusema hatua zako pole pole, wewe hukimbia." Nilizima simu.

Jumatatu tulikaa benchi moja, watu saba, makoti yote meusi au ya bluu. Mwenzangu alikuwa amebeba ndizi mbili, akanipa moja. Niliitia mkobani nikasema nitakula baadaye. Tulichukuliwa simu zetu, tukaambiwa kwamba anayemaliza atatoka kwa mlango wa nyuma, ili maswali yasivuje. Nilipoitwa alinigusa begani. Sikugeuka.

Paneli ilikuwa ya watu watano na karani. Aliyeuliza zaidi alikuwa mama mmoja wa makamo mwenye sauti laini, na sauti laini ndizo ninazoziogopa. Swali la tatu lilikuwa lenyewe: utuambie wakati ambapo ulifanya kosa, au nusura ulifanye, na mgonjwa akawa hatarini.

Niliwaambia. Niliwaeleza nyar Asembo wawili, na jinsi tunavyoita. Nikasema aliyeita ni mimi, sindano ilikuwa mkononi mwangu, na mwenzangu alinishika sindano ikiwa karibu na ngozi. Nikasema plasta ilikuwa wazo lake.

"Na baada ya hapo wewe ulifanya nini?" mama yule akauliza.

"Niliisimulia kama yangu," nikasema. "Mahali pengine, kwenye mahojiano kama haya. Nikapewa kazi."

Karani aliniomba nirudie, hakuwa amemaliza kuandika. Nikarudia.

"Mwenzako huyo yuko wapi sasa?"

"Yuko nje kwenye benchi. Ndiye anayenifuata."

Walitazamana. Wakaniuliza mawili matatu mengine, nikajibu vizuri, nadhani, kwa sababu nilikuwa nimekuwa mwepesi. Nilitoka kwa mlango wa nyuma nikijisikia kama niliyetapika kitu kilichoniumiza siku nyingi. Nilijiona mtu mwema. Nikaenda kusimama getini, karibu na mama anayechoma mahindi, kumngoja mwenzangu nimwambie nilivyomtengenezea njia. Nilijua wataingia naye moja kwa moja kwenye hadithi yake, na safari hii imetanguliwa na shahidi.

Alitoka mapema mno. Nilimwona akivuka uwanja kwa hatua za haraka, koti amelivua. Aliponiona hakupunguza mwendo, alinishika mkono akanivuta kando ya ukuta.

"Kuna mtu amekuchongea," alisema. "Hao watu wanajua mambo ya Katito."

"Mambo gani?"

"Sindano. Hata sijakaa vizuri wananiuliza, eti ni kweli siku moja ulimshika mwenzako mkono akitaka kuchoma mama mwenye si yake? Na wamekuona sasa hivi! Nikajua ni leseni yako wanatafuta. Nikakataa."

"Ukakataa vipi?"

"Nikasema hapana. Nikasema nimefanya kazi na wewe miaka tatu na hakuna kitu kama hiyo imewahi kutendeka. Wakauliza mara ya pili, nikakataa mara ya pili. Yule mama akafunga faili, akasema asante, unaweza kwenda. Maswali hata hayakuisha." Alikuwa akihema. "Lakini usijali. Mimi sikusema kitu."

Nilimwambia ni mimi niliyewaambia. Ilibidi nimwambie mara mbili, kama karani. Nikamwambia niliwaambia yote, na mkono, na plasta, na kwamba nilikuwa nimeichukua hadithi yake. Mwenzangu aliachilia mkono wangu. Mama wa mahindi aliuliza kama tunanunua.

"Yule mwaka wa mkataba," alisema, "niliingia nyuma yako. Wakaniuliza kosa, nikasema ile ya nyar Asembo. Wakacheka. Mzee mmoja akaniambia, hiyo tumeisikia leo, mama, wewe tafuta yako. Sikuwa na ingine. Nilikaa tu nikiangalia meza."

"Mbona hukuniambia? Miaka yote hii?"

"Nilikuwa nakuuliza. Hizi Jumapili nilikuwa nakuuliza utasema ama hutasema. Nilitaka nijue, ndio mimi nisiiseme. Nisichekwe tena."

Nafasi ile ilimwendea mtu wa tatu, lakini siku hiyo hatukuwa tumejua. Nilichojua ni kwamba wale watu watano walikuwa na maneno mawili yasiyopatana, langu na lake, na kwamba mmoja wetu lazima alikuwa mwongo, na kwao ni yeye. Nilikuwa nimemnyang'anya hadithi ile mara ya pili, safari hii kwa kusema kweli. Nilitaka kumlaumu. Hata pale, Mungu anisamehe, nilitafuta kosa lake.

"Walipokuuliza," nikasema, "si ungesema ndiyo tu? Ni kitu ulifanya wewe. Ni kitu kizuri."

Aliniangalia bila hasira, na afadhali ingekuwa hasira.

"Sista," alisema, "ningejuaje kwamba ni wewe umesema ukweli?"